Masale Yaliyofyekwa kwa Nia Njema

Filemon Temba hana breki. Baiskeli yake ilikuwa nazo ilipokuwa mpya, lakini ilikuwa mpya mikononi mwa mtu mwingine. Hana koti la mvua. Hana buti zisizoingiza maji. Hana shamba la mpunga, ingawa mpunga umemla nyayo tangu ujana. Hana kaka wa karibu wa kumwambia, "Leo pumzika, nitakwenda mimi." Hana meno mawili ya mbele, na akicheka huziba mdomo kwa kiganja.

Na tangu mwezi wa sita, Filemon hana jirani. Nyumba ya jirani iko pale pale, ng'ambo ya migomba, na moshi wa jiko lake unaonekana kila asubuhi. Lakini jirani hana.

Saa kumi na moja alfajiri, Jumatano, kijiji chao cha Uru bado kimefunikwa na ukungu. Filemon anafunga kamba ya katani nyuma ya baiskeli, anakohoa mara moja, anaanza kushuka. Mteremko wa kwanza haushukiki kwa baiskeli. Anatembea kando yake, ameishika pembe kama mtu anayemshusha ndama mtundu. Barabara ikitulia ndipo anapokalia kiti, na buti la kulia linaburuzwa chini. Hilo ndilo breki.

Anaukuta mji wa Moshi haujafungua milango. Anawapita akina mama wenye chupa za uji wakielekea hospitali ya Mawenzi kuwaona wagonjwa wao. Anazidi kushuka mpaka ukungu unamwacha na joto la Mabogini linampokea, pamoja na mbu wake. Huko, katika majaruba ya mpunga ya watu wengine, ndiko anakofanya kibarua.

"Asubuhi baiskeli inanibeba," anasema, akivua buti kabla ya kuingia majini. "Jioni naibeba mimi. Haki imetendeka."

Jioni hiyo anayoitaja, baiskeli huwa imebeba mzigo wa majani makavu ya mpunga, mpana kuliko mlango wa nyumba, kwa ajili ya ng'ombe wake mmoja aliyefungiwa zizini. Toka Mabogini mpaka Uru ni kupanda tu. Filemon husukuma kwa bega, kichwa kimeinama, na anayemwona kwa mbali huona kichuguu cha majani kinachotembea.

Siku ya kupalilia hulipwa shilingi elfu nane. Siku zisizo na kibarua ni nyingi kuliko zilizo nacho. Ana miaka arobaini na minne, na magoti ya mtu wa sabini. Uchovu wake si ule wa kulala na kuamka umekwisha. Umekaa naye kama mgeni aliyesahau kwao.

"Mume wangu huyu anawafundisha watoto kuhudumia watu," anasema mkewe, Mektrida, mama mwembamba mwenye ulimi mwepesi, anayeuza ndizi sokoni siku za gulio. "Yeye mwenyewe akifika kitandani hawezi kujihudumia hata kuvua soksi. Namvua mimi. Na mimi ni mtu, nimehesabiwa katika wanaohudumiwa?"

"Umehesabiwa," anajibu Filemon. "Wewe ni wa mwisho kwenye foleni, ndiyo maana hujafikiwa."

*

Kinachompandisha mlima kila jioni ni sinia moja.

Katika nyumba ya Filemon hakuna anayekula peke yake. Ndizi zikishaiva sufuriani na maharage, zinamiminwa kwenye sinia, na wote watano wanalizunguka: baba, mama, Evelyn wa miaka kumi na minne, Tito wa kumi na mmoja na Lucky wa saba. Upande wa pili wa ukuta wa mbao, ng'ombe naye anatafuna. Sauti ya kutafuna kwake ndiyo redio yao.

Kabla mkono wa kwanza haujashuka kwenye sinia, baba anauliza: "Leo umempa nani mkono?"

Kila mtoto lazima ajibu. Kumbebea mwenzake daftari ni jibu. Kumrudishia mtu kuku aliyepotea ni jibu. Lucky aliwahi kujibu kwamba amempa mkono mbuzi wa mwalimu aliyenasa kwenye uzio, na baada ya mabishano marefu jibu lake likapita.

Swali hilo Filemon hakulitoa vitabuni. Alipokuwa kijana, akiwa mgeni kabisa Mabogini, malaria ilimwangusha katikati ya jaruba. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia jirani yake aliacha mstari wake, akaumaliza wa Filemon, ndipo akarudi kwenye wake jua likizama.

"Nilimuuliza, mama, nikulipe nini? Akasema, mpe mwingine mkono. Akajitwisha jembe akaenda. Jina lake silijui mpaka leo. Lakini watoto wangu wanamjua. Kila jioni tunakula naye."

Sinia likiisha huja ugomvi wa ukoko uliobaki chini ya sufuria. Tito hudai ni haki yake kwa kuwa ndiye aliyechota maji. Lucky hudai kwa kuwa ni mdogo. Evelyn huwaacha wabishane, naye anaukwangua.

"Nikisikia wanagombania ukoko," anasema Filemon, "magoti yanaacha kuuma. Si kwa muda mrefu. Lakini yanaacha."

*

Familia hii haikukulia mlimani. Filemon alizaliwa Uru, kitinda mimba wa baba yake, lakini alishuka Mabogini akiwa kijana, akaoa huko, akapanga vyumba viwili kando ya mfereji, na watoto wote wakazaliwa katikati ya mpunga. Miaka miwili iliyopita baba yake alifariki. Kwa desturi ya Wachagga, nyumba ya wazazi na kihamba chake, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka, huangukia kwa mtoto wa mwisho. Filemon akapakia vyombo, akapanda na familia yake.

Watoto walilia siku ya kwanza kwa baridi. Siku ya pili wakamgundua Bibi Eunike.

Bibi Eunike ni mjane wa kihamba cha jirani. Aliolewa Uru akitokea Machame, na mpaka macho yalipomkatalia alikuwa akishuka kila Jumapili kusali na Walutheri wenzake huku majirani wote wakielekea misa. Macho yake sasa yana ukungu. Huona mwanga na kivuli, basi. Mwanawe wa pekee, Efraimu, anauza vipuri vya pikipiki Kahama, na hurudi Desemba kama Wachagga wote waendao mbali.

Kwa miaka miwili, watoto wa Filemon walikuwa macho yake. Tito alimchotea maji. Evelyn alimpelekea uji na kumchambulia mchele. Lucky alikuwa na kazi ya kukaa tu, kumsimulia nani amepita barabarani na amevaa nini.

"Yule mdogo ni mwongo," anasema Bibi Eunike. "Aliniambia padri amepita juu ya punda. Lakini nilicheka siku nzima. Nani mwingine ananichekesha?"

Kila jioni, ukiuliza kwenye sinia nani amepewa mkono, jina la Bibi Eunike halikukosa.

*

Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita. Bibi Eunike alikuwa amelalamika kwamba majani yameimeza njia yake, na kwamba kitu kirefu kimempita mguuni asubuhi, nacho hakikuwa na haraka. Watoto wakaamua kumfanyia jambo la ghafla la kumfurahisha. Baba akiwa mpungani na mama sokoni, wakachukua mapanga mawili na fyekeo.

Walifyeka njia. Walifyeka nyuma ya choo. Wakafika kwenye safu ya mimea mirefu yenye majani kama mapanga ya kijani, iliyosimama kati ya kihamba chao na cha Bibi, imefunga giza na nyasi miguuni pake. Wakaifyeka yote. Mingine waling'oa na mizizi. Wakayakokota majani yake mpaka zizini wakamtandikia ng'ombe. Ng'ombe aliyanusa, akageuza kichwa.

Mlimani, mimea ile haitaki maelezo. Ni masale. Isale hupandwa kwenye mpaka na kwenye kaburi, na panga haliligusi. Lakini watoto hawa walilelewa kwenye majaruba. Huko mpaka ni tuta la udongo. Likibomoka na maji, majirani wawili huingia majini pamoja, huku wakitaniana, hulijenga upya, na msimu ujao hivyo hivyo.

"Kule mpaka unajengwa," anasema Filemon. "Huku mpaka unaota. Niliwafundisha kusalimu, kuchota maji, kuinua mzigo wa mtu. Hili halikunijia. Mtu hamwambii mwanawe kwamba moto unaunguza mpaka auone akiusogelea."

Siku ile alifika na mzigo wake wa majani, akaona mwanga mahali ambapo hapajawahi kuwa na mwanga. Aliposimama uani kwake aliuona mlango wa Bibi Eunike, wazi kabisa. Baiskeli ikamtoka mikononi.

Mpaka ule haukuwa mpaka wa hivi hivi. Baba yake Filemon na baba yake Efraimu waliuzozania miaka mingi, hawakusalimiana, hata kwenye misiba walikaa mbalimbali. Mwishoni wazee wa ukoo waliwasimamisha, wakachinja mbuzi, na wazee hao wawili wakapanda masale yale kwa mikono yao, mmoja akishika mche, mwenzake akifukia. Na sasa wote wawili wamelala ardhini.

Kwenye sinia, watoto walikuwa hawajitambui kwa furaha.

"Uliza, baba!" Lucky alimhimiza. "Uliza leo tumempa nani mkono!"

Baba hakuuliza. Aliinuka akaenda kumtazama ng'ombe.

*

Bibi Eunike alikuwa amejua kabla ya wote.

"Sikuona," anasema. "Nilihisi upepo. Upande ule haujawahi kunipiga upepo tangu niolewe. Nikasema, basi, vita vya marehemu vimerudi."

Mpita njia mmoja mwenye simu nzuri na shughuli chache alipiga picha. Kesho yake ilikuwa Kahama, na jioni Efraimu akapiga simu. Filemon anayakumbuka maneno yale kama anavyokumbuka njia ya Mabogini.

"Efraimu, ndugu yangu, nisikilize kwanza."

"Nikusikilize nini? Baba yako tumemzika juzi tu. Ungengoja hata kaburi lipate nyasi!"

"Ni watoto. Walikuwa wanamsafishia mama."

"Watoto! Kihamba chote, wakaona pa kusafisha ni pale pale walipozozania baba zetu?"

Filemon na Efraimu waliiba maparachichi pamoja wakiwa wadogo, wakachapwa pamoja, kwa fimbo ile ile moja.

"Basi sikia," Efraimu alimaliza. "Asikanyage kwa mama yangu mtu wako yeyote. Si wewe, si mkeo, si hao wasafishaji wako. Nikija Desemba tutaonana kwenye baraza la ardhi."

Bibi Eunike alifunga mnyororo kwenye kilango chake. Evelyn alipofika na uji alimkuta amesimama ndani, mkono juu ya mnyororo. "Rudi, mjukuu wangu," alimwambia. "Dawa zangu ananinunulia yeye. Nikimwasi, nitamtegemea nani?"

Wiki tatu zikapita hivyo. Asubuhi moshi wa jiko la Bibi ulianza kuchelewa. Siku nyingine haukuonekana hadi mchana. Siku moja Mektrida alimwona akiota jua mlangoni, mkono wake wa kushoto umefungwa kitambaa. Alikuwa ameutafuta ufuniko wa sufuria akaupata moto.

"Nilisimama pale kwenye visiki vya masale," anasema Mektrida. "Yeye yuko pale. Mafuta ya kumpaka ninayo ndani. Na siwezi kuvuka. Nilijiona mjinga kuliko ng'ombe wangu."

Kwenye sinia mambo yaliharibika zaidi. Filemon alipojikaza kuliuliza tena swali lake, Evelyn alitazama chini. Lucky alimtazama Evelyn. Tito ndiye aliyesema.

"Mimi sina wa kumpa mkono. Ukisaidia watu shuleni wanakuita mwizi wa mipaka. Heri kukaa."

Hakuna aliyemkaripia. Ukoko ulibaki sufuriani mpaka asubuhi, akapewa kuku.

"Hapo niliogopa," anasema Filemon. Anasema polepole, akiwa amekaa kwenye tuta la jaruba saa ya kula, buti zimepinduliwa kando yake zikichuruzika maji. "Mpaka unaweza kupandwa tena. Mtoto akishaamua kwamba heri kukaa, unampanda wapi?"

Hata hivyo, anakiri, hakufanya lolote. Alishuka alfajiri, akapanda jioni. "Nilikuwa nimechoka. Mtu aliyechoka hupenda mambo yabaki yalivyo, hata kama ni mabaya. Angalau ameshayazoea."

*

Aliyeanza ni Evelyn. Ijumaa jioni, akiwa anatandika zizi, aligundua kwamba visiki vya masale vimechipua. Majani mapya yalikuwa yametoka pembeni, laini, yakimeta. Akamwita baba yake.

"Baba, haya yana kazi gani nyingine zaidi ya mpaka?"

Filemon akaegemea nguzo ya zizi na kuwaeleza watoto wake kile ambacho angewaeleza zamani kama wangekulia hapa. Kwamba Mchagga akimkosea mwenzake huchuma isale, hulifunga fundo, humpelekea. Na aliyepelekewa isale hana ruhusa ya kumfukuza aliyelileta, hata kama kosa ni kubwa namna gani. Atasikiliza.

Tito alifikiri kidogo. "Kwa hiyo tulifyeka mpaka na msamaha, kwa panga moja?"

"Kwa panga moja," alisema baba.

"Basi si tumpelekee Bibi?" aliuliza Lucky, kwa sauti ya mtu anayeshangaa wakubwa wamechelewa wapi.

Jumamosi asubuhi Filemon hakushuka. Familia nzima ikasimama nje ya kilango chenye mnyororo. Evelyn alikuwa mbele.

"Nani?" iliuliza sauti ya ndani.

"Ni sisi, Bibi. Shikamoo."

Salamu ilibaki hewani. Bibi Eunike akatoka taratibu, akipapasa ukuta. "Mwanangu amekataza," alisema.

"Hatujaja kuingia, Bibi. Tumeleta kitu." Evelyn akanyoosha mkono juu ya mnyororo na kumwekea jani kiganjani.

Vidole vya Bibi vikaenda juu ya jani, toka ncha hadi kikonyo, vikarudi, vikasimama kwenye fundo.

"Nani amefunga hili?"

"Mimi, Bibi."

"Umefunga kama unafunga mzigo wa majani ya ng'ombe! Hili ni fundo la mabondeni." Tito akacheka, akajiziba mdomo kama baba yake. Bibi akalifungua lile fundo. "Leta vidole vyako. Sifungi mimi, lazima afunge aliyekosa. Pitisha hapa. Usivute. Isale halivutwi kama kamba ya mbuzi, linalazwa. Umeona? Hapo."

Alilishika jani lililofungwa upya, akaliweka kifuani.

"Marahaba," alisema, akiitikia shikamoo iliyokuwa ikimngoja muda wote huo.

Mektrida aligeuka akajifanya anatafuta kitu kwenye migomba.

Lakini mnyororo haukufunguliwa. "Mimi nimepokea," Bibi aliwaambia. "Ila mpaka si wangu. Mimi nilikuja kuolewa. Mpaka ni wa Efraimu, na mnyororo huu ameufunga kwa mdomo wake, kwa mdomo wake utafunguliwa. Isale limfikie yeye."

"Tutampigia simu leo, Bibi," alisema Tito.

"Simu inabeba jani?"

Wakatazamana.

"Mwandikieni," alisema Bibi Eunike. "Na huyo mwenye uji, mbona ameuficha mgongoni? Nausikia unanukia. Efraimu amesema msikanyage. Hakusema bakuli lisivuke."

*

Jumapili mchana, baada ya misa, nyumba ya Filemon inanukia wali. Ni mchele wa Mabogini, ujira wa siku moja ambayo tajiri hakuwa na fedha taslimu. Evelyn amekaa mezani na karatasi iliyochanwa kutoka katikati ya daftari. Baba anatamka.

"Andika: Kwa heshima na taadhima kubwa, ndugu yetu mpendwa, baada ya salamu nyingi zisizo na idadi, tunapenda kukujulisha ya kwamba…"

"Atakufa kabla hajafika kwenye jambo lenyewe," anasema Mektrida kutoka jikoni. "Mwache mtoto aandike."

Evelyn anaandika mwenyewe, ameuma ulimi. Kisha anawasomea:

"Baba mdogo Efraimu, shikamoo. Mimi ni Evelyn, mtoto wa Filemon. Ni mimi niliyefyeka masale ya babu zetu, na wadogo zangu walinisaidia. Baba hakututuma. Tulitaka njia ya Bibi iwe safi na nyoka asimuume. Hatukujua. Sasa tunajua. Tunakuletea isale. Miche tuliyong'oa imekaa kwenye ndoo ya maji wiki hizi zote na imeanza kutoa mizizi mipya, lakini hatutapanda hata mmoja bila mtu wa kwenu kusimama upande wenu. Tunaomba uje, au umtume unayemwamini. Mkono wa Bibi uliungua, sasa unapona. Tunaomba uturuhusu tumchotee maji."

Ndoo inayotajwa iko karibu na mlango, miche imesimama ndani yake kama watu wanaosubiri usafiri.

Tito anaomba kalamu. Anaongeza chini, kwa herufi kubwa: "Mimi Tito nilikuwa na panga la pili. Nisamehe." Lucky anataka kuandika kwamba ng'ombe hakuyala masale yake, hata moja, kwa hiyo asiwe na wasiwasi. Mabishano yanazuka. Jibu lake linapita.

Isale linawekwa ndani, limefungwa na Evelyn kwa namna aliyofundishwa. Linajaza bahasha ya kaki mpaka inatuna. Gundi ya bahasha imekauka zamani dukani. Filemon anailamba, anaibonyeza, inafunguka. Anailamba tena.

"Unaila au unaifunga?" anauliza mkewe.

Lucky anaenda kwenye sufuria, anarudi na punje chache za wali kwenye ncha ya kidole. Anazisaga kwenye ukingo wa bahasha, anakunja, anakalia. Anakaa juu yake kimya kabisa, kama kuku juu ya yai, huku wengine wakipakua. Anapoinuka, bahasha imeshika.

Ni hapo, mikono ikiwa tayari juu ya sinia, Filemon anapouliza. Hainui sauti. "Leo mmempa nani mkono?"

Watoto wanatazamana. Wanatazama bahasha.

"Hatujui bado," anasema Tito. "Mpaka ajibu."

Filemon anasema jibu hilo linatosha kwa leo. Anachotaka, anasema, si kikubwa. Efraimu akija, yeye Filemon atashika mche na mwenzake afukie, kama baba zao, na watoto wa pande zote mbili wasimame pale watazame, ili asiwepo tena mtoto wa kuambiwa akiwa ameshashika panga. Baada ya hapo angependa kulala siku moja mpaka jua litoke. "Siku moja tu," anasema. "Sitazoea."

Jumatatu alfajiri anashuka kama kawaida, kisigino kikiburuzika. Ila leo, Moshi mjini, anakata kona kuelekea ofisi ya mizigo ya mabasi ya Kahama. Dada wa dirishani, amejifunga khanga mabegani kwa baridi, anaipokea bahasha na kuibonyeza.

"Mzee wangu, ndani kuna nini? Mbona imevimba?"

"Barua. Na jani."

"Jani!" Dada anairudisha mezani haraka. "Mzee, usiniletee kesi asubuhi yote hii. Jani la nini?"

"Isale," anasema Filemon.

Dada anamtazama. Anatazama buti, baiskeli isiyo na breki, na jina la Kahama lililoandikwa kwa mwandiko wa mtoto. Haulizi tena. Anasimama, anaifuta mikono yake kwenye khanga, na bahasha anaipokea upya, safari hii kwa mikono miwili. Anaipeleka mwenyewe mpaka kwenye basi, amtafute dereva aiweke mbele, isichanganywe na mizigo.